Watoto Hawahesabiwi

Woodley, 6 Machi 2005

Mbugua, mume wangu,

Miguu yako imekatwa? Kutoka Parklands hadi Woodley si safari ya meli. Tangu Krismasi sijaona hata kivuli chako, na viazi nilivyokuwekea mwezi wa kwanza vimeota mpaka nimevipanda. Haya, salamu. U mzima? Unakula? Mkeo Njambi na lile tumbo wanaendeleaje, amejifungua au bado? Mimi goti la kulia linauma na la kushoto linalionea wivu. Mengine tumshukuru Mungu.

Anayeandika ni Peres, jirani yangu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunisafishia maneno, hata hili la kukuita mume, wewe mjukuu uliyebeba jina la babu yako. Jumatano akienda kliniki huko kwenu atakuachia barua dukani. Usiniambie habari ya simu. Simu inakatika nikiwa bado kwenye salamu.

Sasa shida. Ile kompyuta uliyotuletea imelala na haiamki.

Unajua kazi tuliyokuwa tukiifanya nayo. Kila Jumamosi, mwaka wa pili huu, mimi nakaa kwenye kigoda, Peres anakaa kwenye kiti na kupiga chapa kama alivyokuwa akipiga ofisini kabla hajastaafu. Ninataja kila mtoto niliyempokea kwa mikono hii tangu nihamie Woodley: mama yake nani, nyumba gani, alitoka vipi. Wengi hawana cheti. Walizaliwa kwenye kota za nyuma, mama zao mayaya na wapishi, na siku ya tatu mama alikuwa amerudi jikoni kwa tajiri. Nani angeenda kuandikisha? Kwa hiyo wakikua wanakuja kwangu niwaapie kwamba nilikuwepo.

Juma lililopita stima ilipotea Peres akiwa katikati ya jina la mtu. Iliporudi, kompyuta ikawaka, ikaonyesha maandishi meupe kwenye weusi, ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Kama mzee anayekohoa. Peres anasema maandishi yanataja ile programu uliyoitia Krismasi, ile uliyosema kompyuta ikikosea inairudisha jana. Ulipiga kifua hapa sebuleni: "Cucu, na hii hamtapoteza kitu tena." Sasa hiyo yako ndiyo imekalia mlango.

Na kuna mtu anangoja. Namalwa, muuguzi, binti wa Nekesa aliyekuwa yaya hapa. Amepata kazi ng'ambo, anataka pasipoti, pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa, na ofisi ya vyeti inataka kiapo cha mkunga kabla ya tarehe kumi na tano mwezi wa nne. Mama yake alikufa. Shahidi ni mimi peke yangu. Nimemwambia asubiri mashine iamke.

Njoo uiamshe.

Ni mimi,
Cucu yako


Parklands, 9 Machi 2005

Kwa Cucu mpendwa,

Wakia cucu, nakuamkia kikwetu. Natumaini goti limepoa, na Anti Peres naye kifua kimepoa. Sisi huku tuko, na nina habari: Njambi alijifungua tarehe tatu! Walimpasua, lakini mtoto ni mzima, wa kike, amebeba jina la mama yangu. Ana sauti kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Njambi bado yuko wodini, kidonda kinamsumbua. Nikitoka dukani naenda hospitali, nikitoka hospitali naenda dukani, na bosi amesafiri.

Hiyo ndiyo sababu sijaja, ila si yote. Anti Peres alinipigia siku ile ile stima ilipopotea. Nikamwambia nakuja kesho. Kisha nikaona aibu, Cucu. Ile programu niliiweka mimi, na nilijigamba, kama unavyosema.

Wacha nikueleze. Kompyuta ina nyumba, na Windows ndiye mwenye nyumba. Hii programu ni askari wa geti. Haingii ndani, inakaa getini na kuandika kila anayeingia na kutoka, ili mkitaka kurudi jana ijue jana ilikuwaje. Stima ilipopotea, askari alikuwa anaandika. Sasa kitabu chake kimechanika, na yeye amekataa kufungua geti mpaka kitabu kikamilike. Mwenye nyumba yuko ndani, mzima, na watoto wako wote wako naye. Hawajapotea.

Fanyeni hivi. Anti Peres awashe kompyuta, na mara tu ikiwaka ashike kile kibao kirefu cha chini kisicho na herufi, asikiachilie. Itatokea orodha. Achague mstari wa kuizima programu, si ule wa kuirudisha kompyuta nyuma. Akiulizwa kama ana hakika, akubali. Kisha angoje, hata ikichukua saa nzima.

Na ile disketi niliyowapa mnakili kila mwezi, iko wapi?

Mjukuu wako,
Mbugua


Woodley, 14 Machi 2005

Mbugua, mume wangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima isipokuwa paka wa Peres. Mvua imeanza na nguo hazikauki. Njambi anaendeleaje, amejifungua? Mwambie asilale chali, na asikubali mtu amwambie asukume kabla mwili wenyewe haujaomba.

Tulifanya ulivyosema. Peres alishika kile kibao mpaka kidole kikawa cheupe. Nikamwambia, "Shika, hata mimi nimeshika mikono ya wanawake ikavunjika kucha." Orodha ikatokea. Peres akavaa miwani, akavua, akavaa, akachagua mstari wako. Pakawa na kamba ya buluu inayotambaa. Ikatambaa, ikatambaa, ikafika katikati, ikakaa hapo. Tulipika, tukala, tukaosha vyombo. Kamba haijasonga. Peres akazima. Sasa haionyeshi hata yale maandishi. Ni weusi na kijistari kimoja kinakonyeza.

Jana Peres alimleta fundi wa pale madukani Adams, anaitwa Kibe, kijana nadhifu, ana kalamu nne mfukoni. Akaangalia dakika tano, akasema, "Shosho, hii ni rahisi, tunaiosha tu, inakuwa kama mpya."

Nikamuuliza, "Ukiiosha, waliomo ndani?"

"Wanatoka wote. Inabaki safi."

"Wanaenda wapi?"

"Hawaendi mahali, shosho. Wanafutika."

Nikamwambia, "Mtoto huoshwa akishatoka. Anayemwosha akiwa bado ndani ni muuaji. Kunywa chai uende." Alikunywa chai. Alikuwa na adabu, sikumchukia. Lakini nimeifunika mashine na leso, na nimemwambia Peres asimruhusu mtu kuigusa.

Disketi Peres aliiweka juu ya spika ya redio ili isipotee. Haikupotea. Kibe aliijaribu kwenye mashine yake, akasema ndani hamna kitu, sumaku ya spika imeilamba. Peres alilia. Usimwandikie maneno makali.

Na usiniulize kwa nini hatukuchapa kwenye karatasi. Karatasi huchapwa kazi ikiisha, na watoto hawajaisha.

Namalwa alikuja na mkate. Nimemwambia kesho kutwa.

Ni mimi,
Cucu yako


Parklands, 16 Machi 2005

Cucu,

Wakia cucu. Sisi wazima. Njambi alitoka hospitali jana.

Cucu, umeniuliza kama Njambi amejifungua. Anti Peres, barua yangu ya tarehe tisa ulimsomea yote? Pengine karatasi zilishikana. Mtoto ni wa kike, alizaliwa tarehe tatu.

Mmefanya vizuri kumfukuza yule fundi. Msiiwashe tena, hata kidogo. Kila ikiwaka inaandika juu ya vilivyopo. Kesho kutwa saa nne asubuhi Hezekiah, yule dereva wa teksi wa pale Adams, atapita kuchukua lile sanduku peke yake. Kioo na kibodi vibaki. Mlifunge kwa blanketi, alilaze kwenye kiti cha nyuma, asiliweke kwenye buti.

Anti Peres, usilie. Hata mafundi wanaweka disketi kwenye spika. Mwenye makosa ni mimi niliyeona kwamba programu moja inatosha.

Kitu kimoja muhimu. Nikifanikiwa kuitoa ile orodha, nitahitaji kujua kama imetoka nzima. Watoto walikuwa wangapi? Nipe hesabu tu, nitalinganisha.

Mjukuu wako,
Mbugua


Woodley, 20 Machi 2005

Mbugua, mume wangu,

Nakusalimu. Sanduku lilifika? Hezekiah alilibeba kama bibi harusi. Nilimwambia akipiga breki ghafla nitajua.

Umeniuliza wangapi. Wewe ni Mkikuyu wa wapi? Nani alikufundisha kuhesabu watoto wa watu? Ukihesabu watoto unamwita mwenye kuwapunguza. Mama yangu alikuwa na mbuzi na hakuhesabu hata hao, alitazama zizi na kujua nani hayupo. Peres alitaka kuweka nambari pembeni tangu siku ya kwanza, moja, mbili, tatu, kama alivyozoea ofisini. Nikamwambia ukiweka nambari mimi nanyamaza. Kwa hiyo hakuna nambari. Ni majina tu, moja chini ya lingine. Wakitoka, nisomee, na mimi nitakuambia nani hayupo.

Nilitaka kuishia hapo. Peres ameweka kalamu chini na kunitazama. Haya, Peres, shika kalamu.

Barua yako ya tarehe tisa alinisomea yote. Alinisomea mara mbili. Anasema niliposikia umepata binti nilipiga vigelegele mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kuuliza kuna nini, na nikampa chai na kumweleza. Mimi sina habari hiyo. Nimetafuta kichwani kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, nikijipapasa kila mahali. Nilimpokea mtoto wako kwa furaha na furaha imekwenda bila kuniaga.

Si mara ya kwanza. Ilianza kabla ya Krismasi. Ndiyo maana nilimharakisha Peres, Jumamosi ikawa haitoshi tukaongeza Jumatano. Yeye alidhani nina bidii.

Na Namalwa, simkumbuki. Alipoingia na ule mkate nilimtazama uso, nikatazama mikono, nikamfanya atembee hadi dirishani nione mwendo. Sijui yule mtoto ni wa nani. Mama yake Nekesa namkumbuka, alikuwa na pengo na akicheka anaziba. Lakini kuzaa kwake sioni. Namalwa anasema nilimsimulia mimi mwenyewe, akiwa darasa la nane, na kwamba mwaka juzi nilimtaja kwa Peres akiwa amekaa papa hapa. Peres anakumbuka kuandika, ila maneno hayakumbuki, ni wengi.

Sasa anataka niape mbele ya wakili. Namalwa ni mtoto mzuri, ananiambia, "Cucu, si ni kusema tu ndiyo?" Siwezi. Nimeishi bila kusoma herufi moja, nina kitu kimoja tu watu wanaamini, ni kwamba nikisema nilikuwepo, nilikuwepo. Nikiapa kwa huyu nisiyemjua, na wale wengine wote nilioapia wanakuwa uongo.

Kwa hiyo unaelewa kilichomo ndani ya lile sanduku. Si kumbukumbu ya Peres. Ni yangu.

Ni mimi,
Cucu yako


Parklands, 2 Aprili 2005

Cucu wangu,

Wakia cucu. Nimechelewa kuandika. Nilianza barua tatu, nikachana zote. Ulichoniambia nimekibeba kila mahali, hata nikiwa na mteja. Njambi alisoma barua yako akaniambia, "Acha kuandika, tengeneza."

Wacha nikuambie nilivyokaribia kuua. Siku sanduku lilipofika niliingiza CD ya Windows na kuamuru mlango wa diski uandikwe upya. Kwa kompyuta nyingi hiyo ndiyo dawa, inachukua nusu dakika, na mimi nilikuwa na haraka. Lakini kwa programu hii mwiko ni huo: usiandike mlango upya kama askari hajaondolewa kwanza. Nilijua. Nilisoma mwenyewe Desemba. Nilipoiwasha tena, diski ikajitambulisha kuwa tupu. Haina hata jina. Nilikaa chini kwenye sakafu ya duka, Cucu. Mteja mmoja alidhani nimezirai.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilitoa diski, nikaifunga kwa kompyuta nyingine, nikainakili yote, tupu hivyo hivyo, ili nikikosea tena nikosee kwa nakala. Siku mbili nilikuwa natazama nambari tu. Kumbe vitu vyote vilikuwepo. Ile programu ilikuwa imebandika alama yake kwenye chumba, kwamba hapa ni pangu, na bila askari hakuna aliyeweza kuisoma alama hiyo. Nikabadilisha alama moja, moja tu, nikairudisha kuwa ya Windows. Nikazima. Nikawasha. Nikafumba macho.

Majina yametoka. Nilisikia sauti yako kwenye kila mstari.

Si yote. Yale ya wiki za mwisho yamegeuka takataka, maduara na miraba. Mangapi sijui, maana hayana nambari, na sasa sitauliza tena.

Namalwa yumo.

Sikuandikii hapa alivyosemwa. Nimechapa karatasi zote, na nimezinakili kwenye CD tatu, moja ya Anti Peres, moja yangu, moja nitampa mchungaji. Programu ile nimeiondoa. Jumamosi ijayo, tarehe tisa, nakuja kukusomea. Mwambie Namalwa awepo.

Mjukuu wako,
Mbugua


Woodley, 17 Aprili 2005

Mbugua, mume wangu,

Nakusalimu wewe na Njambi na binti yenu. Naona Peres amenibandikia ukutani karatasi yenye mchoro wa mtoto, ili nikiamka nimwone. Amemchora mbaya, lakini nimejua ni nani.

Ulitaka nikueleze ilivyokwenda kwa wakili baada ya wewe kuondoka. Nitasema taratibu, Peres mkono unamuuma.

Jumamosi ile uliposoma, wengi niliwajua. Wengine hawakunijia kabisa, nilikaa kama ninasikia redio ya jirani. Wewe hukuona kwa sababu nilikuwa natikisa kichwa. Ukafika kwa Namalwa. Peres amenisomea tena sasa hivi, na hivi ndivyo nilivyosema mwaka juzi:

"Namalwa wa Nekesa, kota ya nyuma ya nyumba yenye mlango wa kijani. Alikuja makalio kwanza. Nekesa alipiga magoti akishika fremu ya mlango. Sikumvuta. Nilikunja mikono nikangoja, mtoto akining'inia hivyo, mpaka shingo ikaonekana. Mpishi alikuwa ananitukana dirishani, vuta, vuta wewe mama, utamuua. Sikuvuta."

Namalwa alianza kulia, wewe ukanitazama, wote mkanitazama. Mlidhani nimekumbuka. Mimi nilikuwa naangalia mikono yangu. Ilikuwa imejikunja kifuani yenyewe.

Jumatatu tulikwenda kwa wakili Odero, mimi, Peres na Namalwa. Akaniuliza, "Mama, unamkumbuka huyu siku alipozaliwa?"

Nikamwambia, "Hapana."

Namalwa akashika kichwa. Wakili akaweka kalamu chini, akasema, "Basi mama, tunaapa nini?"

Nikamwambia, "Andika. Mtoto simkumbuki. Kazi naijua. Siku zile hapa Woodley mtoto akija makalio kila mtu alivuta, na wengi walivunjika shingo. Asiyevuta nilikuwa mimi peke yangu, mama yangu ndiye aliyenifundisha, na walinicheka. Maneno ya kwenye hiyo karatasi niliyasema nikiwa na akili zangu zote, Peres huyu hapa aliyaandika. Aliyempokea Namalwa ni mimi. Andika pia kwamba nimesahau, usilifiche."

Akasema, "Mama, ukiandika kwamba umesahau, wanaweza kukataa."

"Na nisipoandika?"

"Hawatajua."

"Mimi nitajua mpaka siku nitakayosahau na hilo. Andika."

Aliandika. Peres naye akaapa kwamba alinisikia. Nikaweka kidole gumba. Wakili alinisindikiza mpaka nje akinishika mkono, na sikumwomba.

Ofisi ilipokea karatasi tarehe kumi na nne. Wamemwambia Namalwa angoje, hawakukubali na hawakukataa. Amekuja hapa tangu hapo mara tatu, hasemi lolote kuhusu cheti, anafua tu mashuka yangu. Kama watamkatalia, nimemharibia maisha kwa sababu ya ukaidi wangu, na nitakuwa nimesahau kwamba ni mimi. Hilo ndilo linaloniamsha.

Waliogeuka maduara na miraba, nimejaribu kuwarudisha. Nimempata mmoja, mtoto wa mpishi aliyezaliwa na meno mawili. Wengine wako mahali wanangoja kuitwa, na mimi ndiye mwenye majina. Peres amefungua daftari la karatasi. Usituletee programu nyingine.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikulisema mbele za watu. Ulipofika ile Jumamosi ulisimama mlangoni, ukavua kofia, ukacheka, ukasema kama mnavyopenda kusema nyinyi watoto, "Cucu, unanijua mimi ni nani?" Nikakujibu, "Ingia, chai inapoa." Ulidhani ni haraka ya chai. Nilikuwa naona kijana mrefu na bahasha, uso mzuri, na sina jina lake. Ulipokaa na kukunja mikono ya shati ndipo nikakujua. Ilichukua muda wa kumimina kikombe kimoja. Kikombe kimoja ni kirefu sana, mume wangu.

Kwa hiyo ukija Jumapili, usinijaribu. Usisimame hapo ukicheka na kuniuliza. Piga hodi, sema, "Ni mimi Mbugua, mtoto wa mwanao," useme kwa sauti, kisha ndiyo uingie.

Ni mimi,
Cucu yako